Je, wajua kwa nini kizibo kidogo cha ndani ya katriji kinawagawa wapiga shotigani wa Uingereza?

Ukitembea mashambani Uingereza karibu na kiwanja cha kulengea visahani, vile vya udongo vinavyorushwa hewani vipigwe kwa shotigani, angalia chini, utaokota kitu kama ua dogo la plastiki, kikombe chenye vipande vinne vilivyopinda kwa nje. Mimi cha kwanza nilikiokota kwenye malisho ya kondoo nikadhani ni kifuniko cha chupa ya dawa, nikakigeuzageuza mkononi, ndani kimejaa vishimo vidogovidogo vimebonyea, kumbe ni alama za marisau, zile punje ndogo ambazo shotigani inazirusha. Hicho ndo kizibo, na wapiga shotigani wa kule wamebishana juu yake miaka na miaka: kiwe cha plastiki au cha nyuzi?

Kwanza kazi yake. Katriji ya shotigani nyuma ina fataki ya kuwashia, inafuata baruti, juu ya baruti kinakaa kizibo, halafu ndo marisau, kwenye katriji ya kawaida ya visahani ni gramu 28 hivi, punje zaidi ya 300. Ukivuta triga baruti inageuka gesi, gesi inasukuma kizibo na kizibo kinasukuma marisau. Kisipokuwepo gesi inapenya katikati ya punje na nguvu yote inapotea. Waliowahi kuona mzee anajaza gobore wanaelewa haraka, baruti inatangulia, anashindilia matambara au nyuzi, ndo aweke vyuma vyake. Yale matambara ndo kizibo chenyewe, kitu cha zamani sana.

Sasa kizibo cha nyuzi ni kipande kinene cha nyuzi zilizogandamizwa, kinapita kwenye mtutu nyuma ya marisau, na marisau yenyewe yanasuguana na chuma cha mtutu njia nzima, yale ya pembeni yanabonyea, na punje iliyobonyea hairuki sawa, inaenda pembeni. Cha plastiki kinayabeba marisau ndani ya kikombe hayagusi mtutu, na chini kina ukingo unaotanuka gesi ikipiga kwa hiyo hakuna kinachovuja, kikitoka mdomoni vile vipande vinne vinafunguka, upepo unakishika, kinabaki nyuma marisau yakiendelea. Matokeo yake punje nyingi zinafika zimekusanyika. Wenyewe wanapima kwa kupiga bamba kubwa umbali wa yadi 40, yaani kama mita 36 na nusu, halafu wanahesabu punje zilizoingia kwenye duara la inchi 30.

Kwa hiyo plastiki ni bora? Kwa kisahani cha mbali sana inasaidia, sikatai. Ila kwa umbali ambao watu wengi wanapiga, ule mtawanyiko wa nyuzi hauna shida, na kwa cha karibu unakusaidia kabisa maana wingu la marisau linakuwa pana. Mtu anayekosa mita 25 hakoseshwi na kizibo.

Shida yenyewe iko chini, kwenye majani. Ganda la katriji linabaki kwako, unaliokota unatia kwenye ndoo. Kizibo kinadondoka huko mbele, kwenye ngano, kwenye mtaro, kwenye nyasi zitakazokatwa ziwe chakula cha ng'ombe na farasi. Piga katriji 100 asubuhi moja, umeacha vikombe 100, na plastiki haiozi, inakatikakatika tu ikiwa vipande vidogo zaidi. Cha nyuzi kikinyeshewa kinalegea, kinachanguka, kinarudi kuwa udongo. Ndo maana wenye mashamba wengi na viwanja vingi vya Uingereza wanakwambia kabisa langoni, nyuzi tu. Sisi tulioona Kenya ikipiga marufuku mifuko ya plastiki 2017 na Tanzania 2019 hatuhitaji kuelezwa sana, tunajua mfuko ndani ya tumbo la ng'ombe unafanya nini.

Ingekuwa imeisha hapo kama si madini. Kiswahili chetu kinaita risasi ile ya bunduki na madini yenyewe kwa jina moja, na marisau ya kawaida yametengenezwa kwa madini hayo, ambayo ni sumu. Bata akimeza punje akidhani ni kokoto anaweza kufa. Denmark ilipiga marufuku marisau ya risasi tangu 1996, Umoja wa Ulaya ukayazuia kwenye maeneo oevu kuanzia Februari 2023. Mbadala wa bei nafuu ni chuma, na chuma ni kigumu, kikisugua mtutu kinauchuna, kwa hiyo lazima kibebwe kwenye kikombe. Unaona mtego? Unaondoa sumu unarudisha plastiki. Februari 2020 mashirika tisa ya wawindaji na mashamba ya Uingereza yalitaka vyote viwili, risasi na plastiki ya kutumika mara moja, viachwe ndani ya miaka mitano kwenye uwindaji wa shotigani, na hapo viwanda vikaanza kuhangaika kweli na vikombe vya karatasi ngumu na vingine vinavyoyeyuka kwenye maji. Kuna bismuti pia, madini mengine, laini karibu kama risasi, inakubali kizibo cha nyuzi vizuri tu, ila bei yake inauma.

Mimi naona hivi, kama bado unatumia marisau ya risasi au una hela ya bismuti, nunua nyuzi, hakuna sababu ya kuacha plastiki kwenye shamba la mtu. Ukihamia chuma tafuta katriji yenye kikombe kinachooza, na kama bunduki ni ya kurithi, ya kizamani, yenye choki, yaani mdomo wa mtutu uliofinywa, ya kubana sana, ipeleke kwanza kwa fundi bunduki kabla hujaweka hata katriji moja ya chuma.