Kamera ya Kutia Ufunguo: Tunayodhani na Yaliyokuwa

Watajie vijana wa Mwanjelwa, Mbeya, wanaorekodi vichekesho kwa simu habari za klabu za sinema za vijana wa Uingereza miaka ya 1950, watakujibu: "Hao si walikuwa na umeme na hela?"

Umeme kwanza. Kamera nyingi za milimita 8 (ndio upana wa mkanda wa filamu) za enzi zile hazikutumia umeme wala betri. Ndani mlikuwa na springi. Unaitia ufunguo kama saa ya mezani, unapiga nusu dakika hivi, unatia tena. Ungeweza kupanda nayo mlima Loleza ukapiga picha mchana kutwa. Umeme ulihitajika siku ya kuonyesha, kwa ajili ya projekta.

Hela, hapo kuna ukweli kidogo. Filamu ilikuwa ghali, na Kodak walitoa milimita 8 mwaka 1932 ili watu wa kawaida waimudu. Walichofanya ni ujanja mtupu: mkanda wa futi 25 wenye upana wa milimita 16 unapigwa upande mmoja, unageuzwa kivulini, unapigwa wa pili. Baada ya kusafishwa unapasuliwa katikati kwa urefu na kuungwa, unapata futi 50. Kwa picha 16 kila sekunde, hizo ni dakika 4 na sekunde 10 tu. Ukisahau ukapiga upande ule ule mara mbili, mjomba anaonekana akipita katikati ya ng'ombe!

Ndiyo maana dhana kwamba vijana wa klabu hizo walikuwa wakicheza tu hainiingii akilini. Mwenye dakika nne hapigi ovyo. Anapanga kila kitu kwenye karatasi kwanza. Tena mara nyingi hapakuwa na nakala: mkanda uliotoka kwenye kamera ndio uliokatwa, ukaungwa kwa gundi na kuonyeshwa.

Wengine husema watu wa kwenye filamu hizo "walitembea mbio mbio." Hapana. Filamu iliyopigwa kwa picha 16 ikionyeshwa kwa 24, mwendo unaongezeka mara moja na nusu.

Wengine husema: "Sauti ilikuwa haijagunduliwa." Kumbi za sinema zilikuwa nayo tangu mwishoni mwa miaka ya 1920. Klabu ziliweka santuri, baadaye tepu, kando ya projekta, na mashine hizo mbili hazikuchelewa kuachana, sauti ikawa haiendi tena na picha.

Na wanaodhani Tanganyika ilisubiri uhuru ndipo ipige filamu, waulizie Vugiri, Usambara. Kati ya 1935 na 1937, Waingereza waliendesha huko mradi wa filamu za elimu za milimita 16. Waigizaji walikuwa Waafrika, na sauti ilitoka kwenye santuri.