Sindano ya ndani ya bega: inatuliza nini, na haitulizi nini

"Daktari, nichome ile sindano ya bega." Ombi hili nalisikia sana hapa Kigoma, kwa wavuvi wa Kibirizi, kwa akina mama wanaokamua mawese, hata kwa walimu wastaafu. Wengi wao wameshachomwa sindano kadhaa kabla hawajanifikia, na karibu zote ni diklofenaki, tena kwenye makalio. Dawa hiyo inasambaa mwili mzima kwa njia ya damu, inatuliza kwa saa kadhaa, na ikizoeleka inaumiza figo na tumbo, hasa kwa mtu mzima mwenye presha. Sindano ninayotaka kuieleza leo ni nyingine kabisa, ni ya bega lililosagika, yaani ambalo gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, imelika. Inaingia ndani ya kiungo chenyewe na kuiacha dawa palepale panapouma.

Bega husagika mara chache kuliko goti au nyonga, kwa hiyo mtu akilalamikia bega sikimbilii bomba la sindano. Mara nyingi tatizo liko kwenye kano zinazolizunguka, au linatoka shingoni, au bega limeganda, jambo linalowapata sana wenye kisukari. Bega lililosagika lina dalili zake. Maumivu yako ndani sana, mgonjwa anashindwa kuyaonyesha kwa kidole kimoja. Yanamwamsha usiku akilalia upande huo. Kiungo kinakwaruza kikizungushwa, na mkono unakataa kugeuka kwenda nje, hata mama anashindwa kufunga kilemba chake mwenyewe. Bega lililoganda nalo linakataa vivyo hivyo, na hapo eksirei ndiyo inayoamua: kwenye usagikaji, nafasi kati ya mifupa imebana, na chini ya kichwa cha mfupa wa mkono pameota kinundu. Kwa kijana mwenye selimundu, picha inaweza kuonyesha kichwa cha mfupa kilichokosa damu na kuanza kuporomoka. Maumivu yanafanana, ugonjwa si huo. Ndiyo maana simchomi mtu ambaye bega lake halijapigwa picha.

Ndani ya bomba kuna vitu viwili. Kimoja ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na maumivu, mara nyingi triamsinoloni au methiliprednisoloni, miligramu 40. Kingine ni ganzi, lidokeni. Mgonjwa anakaa kwenye kiti, mkono unaouma umelala mapajani, nami nasimama nyuma yake. Napapasa mfupa wa juu ya bega mpaka nipate kona yake ya nyuma, kisha nashuka kama sentimita 2 na kusogea upande wa uti wa mgongo sentimita 1. Kidole cha mkono wangu wa pili kinakaa mbele, juu ya kinundu cha mfupa kilicho chini ya mtulinga, na sindano inaelekezwa kwenye kidole hicho. Ngozi imeshasafishwa, na baada ya kusafishwa haiguswi tena pale sindano inapoingilia. Dawa ikipita kwa ulaini, najua niko ndani ya kiungo. Ikikataa, huenda ncha iko kwenye kano, na hapo halisukumwi tone kwa nguvu. Narudi nyuma kidogo na kuelekeza upya. Penye ultrasaundi naitumia, kwa sababu kiungo hiki kimejificha chini ya misuli minene na mkono wenye uzoefu nao hukosa.

Ganzi ikishika, baada ya dakika chache namwomba mgonjwa anyanyue mkono. Maumivu yakiwa yamepungua sana, tumepata na jibu la ziada: kweli yanatoka ndani ya kiungo. Lakini ganzi huisha baada ya saa chache, na steroidi huchukua siku 2 hadi 7 kuanza kazi. Katikati hapo bega linaweza kuuma tena, pengine kuliko mwanzo, kwa siku moja au mbili. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa inasaidia. Namweleza mgonjwa haya kabla sijamchoma, maana asipoambiwa ataamini ameharibiwa.

Kisichotarajiwa ni bega kuvimba, kuwa la moto, maumivu kuongezeka siku hadi siku, au homa. Hutokea mara chache sana, lakini usisubiri kesho. Njoo siku hiyohiyo. Kwa sababu hiyohiyo simchomi mwenye homa au mwenye jipu na kidonda karibu na bega. Mwenye kisukari ajue sukari yake inaweza kupanda kwa siku kadhaa, wakati mwingine wiki nzima au zaidi, basi aipime mara nyingi zaidi. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aniambie mapema.

Nafuu hudumu wiki kadhaa, kwa wengine hadi miezi 3. Gegedu iliyolika hairudi. Wavuvi wetu wa dagaa mbalamwezi ikiwaka hawaendi ziwani, wanakaa ufukweni kushona nyavu. Vivyo hivyo, wiki za nafuu ni za kulishughulikia bega. Siku 2 za kwanza, pumzika. Kisha inama, mkono uning'inie, uzungushe taratibu. Pandisha vidole ukutani. Lala chali ukishika mpini wa jembe kwa mikono miwili, viwiko vimebana mbavuni, mkono mzima uusukume ule mbovu kwenda nje. Inaniuma kuona mtu amepata nafuu Jumatatu, Ijumaa yuko kwenye makasia usiku kucha. Mama wa mawese namwomba kazi ya kuzungusha mtambo amwachie kijana kwanza.

Wengi huniuliza kuhusu sindano ya ute, kwa kuwa wameambiwa ute wa bega umekauka. Hiyo ni asidi ya hyaluroni, na bei yake si ndogo. Mwongozo wa mwaka 2020 wa chama cha madaktari wa upasuaji wa mifupa cha Marekani unasema wazi kwamba haina faida kwenye bega lililosagika. Simshauri mtu auze ng'ombe kwa ajili yake.

Steroidi nayo ina kiwango chake. Napenda ipite miezi 3 kati ya sindano na sindano, na zisizidi 3 au 4 kwa mwaka, kwa sababu ikirudiwa ovyo inaila gegedu ileile tunayotaka ibaki. Nimewapokea watu waliochomwa kila mwezi, na nawasikitikia, maana walilipia madhara. Nafuu ya sindano ikianza kudumu wiki 2 tu, sindano nyingine haitasaidia. Hapo tuzungumze kuhusu bega bandia, ambalo kwa sisi wa huku ni safari ya hospitali kubwa nje ya mkoa. Anayefikiria upasuaji huo asichomwe steroidi ndani ya miezi 3 kabla yake, kwa kuwa hatari ya maambukizi huongezeka. Tarehe ya sindano yako ya mwisho iandikwe kwenye daftari la kliniki, na daktari wa upasuaji aione kabla hajakupangia siku.