"Sisi ni wafupi, daktari": udumavu ninaouona Kigoma

Juzi bibi mmoja wa Ujiji aliniletea mjukuu wake wa kiume, miaka 2 kamili. Tulimpima amesimama: sentimita 79. Kadi yake ya kliniki ilijaa namba za uzito, na uzito wenyewe haukuwa mbaya. Sehemu ya urefu ilikuwa tupu.

"Sisi ni wafupi, daktari. Hata babu yake alikuwa hivyohivyo."

Maneno hayo nayasikia mara kwa mara na yananiuma, kwa sababu ndiyo yanayomrudisha mzazi nyumbani akiwa ametulia. Mvulana wa umri huo akiwa chini ya sentimita 81, amedumaa. Vipimo hivyo vilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, baada ya kupima watoto waliolelewa vizuri katika nchi 6, zikiwemo Ghana, India, Norwei na Omani. Walikua karibu sawa. Hapa kwetu, utafiti wa kitaifa wa 2010 ulikuta watoto 42 katika kila 100 wa chini ya miaka 5 wamedumaa; wa 2022 ukakuta 30. Damu ya ukoo haibadiliki ndani ya miaka 12.

Urefu huanza kupotea tumboni mwa mama. Vimelea vya malaria hujificha kwenye kondo la nyuma, chakula kinamfikia mtoto kwa shida, anazaliwa mdogo. Ndiyo maana nang'ang'ania SP, dawa ya kumkinga mjamzito na malaria, na vidonge vya madini ya chuma. Mjamzito wa miaka 16 naye bado mwili wake unakua, na unagombania chakula na mtoto.

Akishazaliwa, anaongezeka kama sentimita 25 mwaka wa kwanza na 12 mwaka wa pili. Katikati ya kasi hiyo, miezi 6 ikitimia, tunamkaribisha kwa uji wa muhogo. Muhogo unashibisha, lakini protini na zinki yake ni kidogo mno.

Kisha kuna utumbo, na hapa ndipo ningependa wazazi wanisikilize. Mtoto anayetambaa uani wanakoshinda kuku humeza vijidudu vya kinyesi kutwa nzima, hata kama haharishi. Ukuta wa utumbo mwembamba una vijinyuzi vingi vya kufyonza chakula. Vijidudu vikizidi, vijinyuzi vinachakaa na kufupika, ukuta unavuja, na mwili unabaki vitani usiku na mchana. Mwili ulio vitani hupunguza homoni inayorefusha mifupa. Kwa hiyo mtoto anakula, anashiba, na urefu umesimama.

Niliwahi kuamini kwamba choo na sabuni vingemaliza kazi. Majaribio makubwa ya Kenya, Bangladesh na Zimbabwe, ambayo matokeo yake yalitoka 2018 na 2019, yalinibadilisha: kaya zilipewa vyoo bora, vifaa vya kunawia na dawa ya maji, watoto hawakurefuka zaidi. Waliopewa lishe ya nyongeza ndio waliorefuka, tena kidogo. Ninavyoyasoma mimi, uchafu unaomzunguka mtoto ni mwingi kuliko ndoo moja ya kunawia, na usafi bila chakula haujengi mfupa.

Na chakula tunacho! Dagaa wanaanikwa Kibirizi mbele ya macho yetu, wanapakiwa kwenda mikoa ya mbali, huku mtoto wa anayewaanika akila ugali kwa mchuzi mtupu. Nilimwambia bibi awaoshe mpaka mchanga uishe, awakaushe, awatwange na mifupa yao, atie kwenye uji pamoja na mawese kidogo. Mawese yasichomwe hadi yapauke, kwani wekundu ule ndio unaompa mtoto vitamini A.

Aliniuliza kama mjukuu atawafikia wenzake. Nikamwambia ukweli: ataongezeka, lakini kuwafikia kabisa ni vigumu, maana miaka 2 ya mwanzo imeshapita.

Akanyamaza. Kisha akasema mama wa mtoto ana mimba ya miezi mitatu na hajaanza kliniki.

"Nimlete lini?"

"Kesho asubuhi, bibi."