Hailaiti za Mastaa: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Mteja huingia saluni, akafungua simu, akamwonyesha msusi picha ya Beyoncé mwenye nywele za rangi ya asali, kisha akauliza bei. Swali la bei lina nafasi yake, lakini linatanguliwa na jingine ambalo picha haiwezi kulijibu: nywele hizo zilikuwa za rangi gani hapo awali, na zilipitishwa katika mambo gani hadi zikafika hapo. Picha huonyesha mwisho wa safari tu, na dhana nyingi potofu kuhusu hailaiti za mastaa, yaani nywele au michirizi ya nywele iliyong'arishwa, huzaliwa katika ile sehemu ya safari ambayo haikupigwa picha.

Dhana inayoongoza ni kwamba staa aliketi kitini kwa muda mfupi, akainuka akiwa na nywele mpya. Kim Kardashian, staa wa runinga wa Marekani, alipotaka nywele za platinamu (dhahabu iliyofifia hadi kukaribia weupe) zilingane na gauni la Marilyn Monroe, mwigizaji wa zamani wa Hollywood, alilolivaa kwenye hafla ya mitindo ya Met Gala jijini New York mwezi Mei 2022, alieleza mwenyewe kwamba alitumia saa 14 mfululizo kupakwa rangi, tena mikononi mwa mafundi ambao wengi wetu hatuwezi kuwalipa. (Monroe naye, kwa nywele zake za asili, alikuwa na rangi ya kahawia.) Mwimbaji Billie Eilish, aliyezoeleka kwa nywele nyeusi zenye mashina ya kijani, alisema kwamba kazi ya kumfikisha kwenye nywele za dhahabu alizozionyesha Machi 2021 ilichukua wiki 6, na katika kipindi hicho alionekana hadharani akiwa na wigi lililofanana na nywele zake za zamani, huku mashabiki wengi wakiamini kuwa ni zake.

Ucheleweshaji huo hautokani na uvivu wa fundi. Weusi wa nywele hutokana na melanini iliyofichika ndani ya unywele, chini ya magamba yanayoufunika. Blichi ni unga wenye chumvi za pasulfeti unaochanganywa na haidrojeni peroksaidi. Mchanganyiko huo hufungua magamba, ukaingia ndani na kuivunjavunja melanini. Melanini haitoki yote kwa pamoja. Nywele nyeusi hupita kwanza kwenye wekundu wa kahawia, kisha rangi ya machungwa, kisha njano, na mwishowe njano hafifu inayofanana na upande wa ndani wa ganda la ndizi, na hapo tu ndipo rangi ya platinamu inapowezekana. Hakuna anayeruka hatua hizo. Kwa hiyo mtu anayetoka saluni akiwa na nywele za machungwa mara nyingi hajaharibiwa na mtu yeyote; ameshuka njiani tu kabla ya kituo chake. Wanaotaka kufupisha safari hudai peroksaidi kali zaidi, ile ya asilimia 12 badala ya 6, na wanachokipata ni nywele zinazokatika na ngozi ya kichwa iliyoungua.

Wapo wanaoamini kwamba shampuu ya zambarau ndiyo inayowang'arisha mastaa. Shampuu hiyo haiondoi melanini hata kidogo. Zambarau hufuta njano, na bluu hufuta machungwa, kwa kuwa rangi hizo hukabiliana kwenye duara la rangi. Basi anayepaka shampuu hiyo kwenye nywele nyeusi hataona tofauti yoyote isipokuwa kwenye taulo. Karibu na dhana hiyo kuna ile ya kununua rangi ya boksi iliyochorwa mwanamke mwenye nywele za dhahabu, na kuipaka juu ya nywele zilizokwisha kupakwa rangi nyeusi. Rangi haiondoi rangi. Ile ya awali lazima itolewe kwanza, kwa blichi au kwa dawa maalumu ya kutolea rangi.

Watu huitaja pia balayage kana kwamba ni rangi fulani. Neno hilo la Kifaransa lina maana ya kufagia, na linataja namna fundi anavyopaka blichi kwa brashi na mkono huru, bila kuzifunga nywele zote katika foili. Mbinu hiyo ilikuzwa katika saluni za Paris miaka ya 1970. Matokeo yake yanaweza kuwa ya asali, ya shaba, au hata mekundu. Michirizi minene ya mbele, aliyokuwa nayo Geri Halliwell wa kundi la waimbaji la Spice Girls katika miaka ya 1990, ni kazi tofauti kabisa, ingawa zote huitwa hailaiti.

Dhana inayoniudhi zaidi ni ile isemayo kwamba nywele za kipilipili hazifai kwa hailaiti, na kwamba kila mwanamke mweusi maarufu mwenye nywele za dhahabu amevaa wigi kwa sababu zake zimekwisha. Mwaka 2024, baada ya kuanzisha bidhaa zake za nywele ziitwazo Cécred, Beyoncé alitoa video akiosha nywele zake mwenyewe, ndefu na zilizopakwa rangi, akapinga waziwazi wazo kwamba wavaaji wa wigi hawana nywele zenye afya. Hata hivyo kuna ukweli mmoja usiopaswa kufunikwa: unywele wa kipilipili hujikunja mara nyingi, na kila mkunjo ni mahali dhaifu. Dawa ya kulainisha nywele huvunja viungo vya ndani vinavyoupa unywele uimara wake, na blichi nayo hushambulia viungo hivyohivyo. Anayetaka vyote viwili kwenye nywele zilezile anacheza kamari, na msusi mwaminifu atamwambia achague kimoja.

Mwambao wa Kenya na Tanzania una dhana yake, nayo ni nzito kuliko zote zilizotangulia. Wengi hudhani kwamba aliyezoea piko, ile hina nyeusi ya kujipamba ngozini, hawezi kudhuriwa na rangi ya nywele, kwa kuwa mwili umeshaizoea. Kinyume chake ndicho kweli. Hina halisi hutoa rangi ya wekundu wa kahawia. Weusi wa piko ya siku hizi mara nyingi hutokana na unga wa rangi ya nywele wenye kemikali iitwayo PPD. Umoja wa Ulaya huruhusu kemikali hiyo katika rangi ya nywele isizidi asilimia 2, wala hauruhusu ipakwe ngozini. Bibi harusi aliyepambwa kwa piko akapata malengelenge anaweza kubaki na mzio huo maisha yake yote, na miaka mingi baadaye, anapopakwa rangi nyeusi au ya kahawia kati ya hailaiti zake, uso ukavimba hadi macho yakafumba. Ndiyo maana maboksi ya rangi huagiza jaribio dogo ngozini saa 48 kabla ya kupaka, na aliyewahi kudhurika hapaswi hata kujaribu. Hina ya pakiti iliyochanganywa na chumvi za madini nayo hupambana na peroksaidi hadi nywele zikapata moto na kukatika, kwa hiyo msusi anahitaji kujua kama uliipaka.

Na kumwambia yaliyopita si maongezi ya jana na juzi tu. Nywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, hivyo nywele zenye urefu wa sentimita 24 zimebeba historia ya miaka miwili: karibu na ngozi ni mwezi huu, na kwenye ncha ni dawa uliyoipaka mwaka juzi, ambayo blichi itaikuta bado ipo.