Kariakoo haikosi maegesho, ina magari yasiyoondoka

Saa 2 asubuhi, katika mtaa mmoja unaokatiza Msimbazi, kijana mwenye fulana iliyopauka anapiga boneti kwa kiganja: "Njoo, njoo, kata kulia, kata yote, vunja... tulia hapo!" Gari limeingia. Dereva anashuka, anamwachia kijana jero, anakwenda kufungua duka lake. Gari hilo halitatoka hapo mpaka jioni, na ndilo ninalotaka kuliongelea leo.

Kazi yangu ni mipango ya usafiri wa mijini. Ukiwaambia watu unashughulika na maegesho ya Kariakoo, jibu huwa lile lile: nafasi hazitoshi, wajenge maegesho ya ghorofa. Nami niliamini hivyo nilipoanza. Kilichonibadilisha ni daftari.

Namna yenyewe haihitaji mitambo. Unachora mtaa, kila nafasi unaipa mstari wake. Kila baada ya nusu saa unapita na kuandika namba ya gari lililopo. Kama hakuna gari, unaweka kistari. Unaanza saa 1 asubuhi, unamaliza saa 12 jioni miguu ikiwa imevimba. Ukikaa chini usiku kusoma, utaona mistari michache ambayo namba zake zinabadilika badilika, halafu utaona mingine ambayo namba ni ile ile kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama mtoto aliyepewa adhabu ya kuandika sentensi moja mara hamsini.

Hapo ndipo hesabu inapoanza kuuma. Tuseme mtaa una nafasi 20 na siku ya biashara ina saa 10. Kila gari likikaa siku nzima, mtaa umehudumia magari 20. Kila gari likikaa saa moja, umehudumia 200. Lami ni ile ile, hakuna aliyemwaga hata karai moja la zege. Katika kazi yetu tunatenganisha ujazo na mzunguko: ujazo ni nafasi ngapi zimekaliwa kwa wakati fulani, mzunguko ni magari mangapi yamepokezana nafasi moja kwa siku. Mtaa unaweza kujaa pomoni kutwa nzima, ukaonekana una shughuli kweli kweli, kumbe mzunguko wake ni wa makaburini.

Na hao wanaokaa kutwa ni akina nani? Sikuhitaji utafiti. Yule kijana wa fulana alinitajia gari moja moja huku anatafuna muwa: "Hiyo ya mama wa vitenge. Hiyo ya mzee wa vipuri. Hiyo nyeupe simjui, ila huwa inatoka saa 11." Wengi wao ni wenye maduka na watu wao. Yaani wale wale wanaolalamika kwamba wateja hawapati pa kuegesha.

Nikamfuata mama wa vitenge. "Shikamoo mama." "Marahaba baba. Umekuja kununua, au ni wewe unayeandika gari langu tangu asubuhi?" Nikacheka, nikakiri. Nikamuuliza kwa nini asiliache mbali kidogo, nafasi ya mbele ya duka akamwachia mteja. Akaniangalia kama anayetazama mtoto wa shule. "Nikiliacha mbali, jioni nitalikuta lina macho?"

Anayeishi Dar hahitaji tafsiri. Macho ni taa. Hapa mtu akinunua gari, jambo la kwanza ni kwenda kuchongesha namba kwenye saiti mira, kwenye taa na kwenye vioo, ili mwizi akivichomoa apate tabu kuviuza. Mama anaegesha pale anapoweza kuliona gari lake akiwa kwenye kaunta. Mipango mingi niliyopata kuisoma inasema magari ya kukaa muda mrefu yahamishiwe pembezoni, na kwenye karatasi inapendeza sana. Lakini pembezoni pasipo mlinzi, uzio na mtu wa kumdai kioo kikipotea, huyo mama haendi, hata ungemwekea zulia. (Na tafadhali, asiniambie mtu Jangwani. Mvua za masika zikishuka, bonde lile linadai eneo lake lote.)

Niseme kidogo kuhusu mitaa yenyewe, maana wengi hudhani Kariakoo ilipangwa hovyo. Haikupangwa hovyo. Mitaa yake imenyooka na kukatana kama karatasi ya hesabu, na jina lenyewe linatokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Tatizo ni kwamba mitaa hiyo ilipimwa kwa ajili ya nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia, uani nyuma, na wakazi wanaotembea kwa miguu. Nyumba hizo zimevunjwa moja baada ya nyingine, kiwanja kile kile kikapandishwa ghorofa kumi. Barabara iliyokuwa ikipokea familia chache sasa inapokea maduka mia, na haikuongezeka hata hatua moja.

Hapa kuna jibu la wale wa maegesho ya ghorofa. Mengi ya majengo hayo yalichorwa yakiwa na maegesho chini. Ukishuka leo unakuta stoo, au maduka. Mwenye jengo amepiga hesabu yake: gari halilipi kodi ya fremu. Kwa hiyo kabla ya kujenga mapya, ningeanza na yale yaliyoko kwenye michoro. Hata yakifunguliwa yote, bado hayatajaa kama kukaa barabarani ni rahisi kuliko kukaa ndani. Nani atashuka chini ya jengo, au kupanda ghorofa ya nne, kwa shilingi elfu kadhaa, wakati ukingoni mbele ya duka analipa kidogo au halipi kabisa?

Basi tumefika kwenye bei, na hapa ndipo ninapogombana na marafiki. Watu wanaona ushuru wa maegesho kama kodi nyingine tu ya kuwakamua. Mara nyingi wana haki ya kuona hivyo, kwa sababu ndivyo unavyoendeshwa: lengo ni makusanyo, mwisho wa mwezi taarifa inaulizwa zimepatikana shilingi ngapi. Hakuna anayeuliza mteja alizunguka mara ngapi kabla ya kupata nafasi. Katikati ya jiji la Nairobi wametumia kwa miaka mingi ada moja ya siku nzima. Fikiria maana yake. Aliyekuja kununua betri kwa dakika 20 analipa sawa na aliyekaa tangu alfajiri. Ukishalipa ya siku, una sababu gani ya kuondoka? Ada ya namna hiyo inajaza mfuko wa kaunti vizuri, ila inamzawadia mkaaji. Dar tuna utaratibu wa kulipa kwa saa, nao kwa mzunguko ni bora zaidi, lakini una ugonjwa wake: gari linapigwa picha, deni linaingia kwenye mfumo, unakuja kulipa kwa namba ya malipo siku nyingine kabisa ukiwa umeshasahau uliegesha wapi. Bei inayokufikia wiki mbili baadaye haikuondoi kwenye nafasi leo. Inakuudhi tu.

Profesa Donald Shoup wa UCLA, Chuo Kikuu cha California huko Los Angeles, aliyefariki mwaka 2025, alitumia karibu maisha yake yote kwenye mita 6 hizi za ukingo ambazo gari moja linazikalia. Kanuni yake inaeleweka hata na kijana wa fulana: bei sahihi ni ile ndogo kabisa inayoacha nafasi moja au mbili wazi katika kila kipande cha mtaa. Mtaa umejaa, panda kidogo. Umebaki mtupu, shuka. Kwa kukadiria tunasema ujazo uwe kama asilimia 85. Aliwahi kupima eneo la Westwood Village huko Los Angeles, mitaa 15 tu, akakuta dereva anazunguka wastani wa dakika 3.3 kutafuta nafasi. Inasikika kidogo. Ukijumlisha magari yote kwa mwaka, ni karibu maili 950,000 za kuzunguka pale pale, moshi na honi juu. San Francisco walijaribu kanuni hiyo kuanzia mwaka 2011, bei zikirekebishwa kila baada ya muda kufuatana na ujazo uliopimwa. Kilichowashangaza wengi ni kwamba katika mitaa mingi bei ilishuka. Sisi hatujazoea kuona ushuru ukishuka, ndiyo maana nikisema neno bei watu wanashika mifuko.

Kariakoo lakini si San Francisco, na sababu kubwa ni mzigo. Hapa wananunua watu kutoka Zambia, Kongo, Malawi na Komoro, na hawabebi kwenye vifuko. Ni marobota. Mzigo unatoka dukani kwa mkokoteni au guta, unapakiwa kwenye kirikuu au kenta, na kenta isipopata ukingo inasimama katikati ya barabara. Gari dogo lililoegeshwa vibaya linaudhi. Kenta iliyosimama njiani wakati kuli wanapandisha robota kumi inafunga mtaa mzima, na mtaa mmoja ukifungwa katika ramani ya miraba, mitaa minne inayopakana nao inafuata. Kwa hiyo ningeambiwa nianze na jambo moja tu, nisingegusa magari ya wateja kwanza. Ningechukua nafasi mbili au tatu za kila kipande cha mtaa, nizipake rangi tofauti, ziwe za kupakia na kushusha tu, kwa muda mfupi, kutwa nzima. Mzigo mkubwa uende usiku. Mpango wa biashara ya saa 24 uliozinduliwa Kariakoo mwaka 2025 unafungua mlango huo, mradi taa ziwake na ulinzi uwepo.

Vipimo navyo vina ukorofi wake. Kuegesha sambamba na ukingo kunakula kama mita 6 kwa gari. Mtaa wa mita 100, ukiacha mita 10 kila kona, unatoa nafasi 13 upande mmoja. Wenye maduka wanataka pua ukutani, kwa sababu kwa mita 2.5 kila gari wanapata 32. Sawa, ila gari hilo linatoka mita 5 barabarani, na linahitaji karibu mita 6 nyingine za kurudi nyuma. Ndiyo njia yenyewe hiyo imekwisha. Na zile mita 10 za kona usizihesabu kama hasara: gari la zimamoto halikati kona kama bajaji. Soko kuu liliungua Julai 2021. Sidhani kama mtaa huu unahitaji kukumbushwa.

Nilirudi kwa mama wa vitenge na mchoro. Nikamweleza habari ya Pasadena, California, ambako mwaka 1993 wafanyabiashara wa mji mkongwe walikataa mita za maegesho, yaani vile vifaa vya kulipia ukingoni, mpaka walipoahidiwa kwamba fedha zitarudi kwenye mitaa yao wenyewe. Zikawekwa, zikajenga njia za miguu, zikapanda miti, zikalipa wasafishaji. Alinisikiliza vizuri, akakunja kitenge alichokuwa amemkunjulia mteja, kisha akanitoa nje hadi ukingoni, nyuma ya gari lake. Akanionyesha mtaro. Umejaa maboksi, chupa na maji meusi, umeziba tangu mvua zilizopita.

"Wakinitoza kwa saa, hizo pesa zitazibua huu?"

Nikaliandika swali lake kwenye daftari, chini ya namba ya gari lake iliyojirudia mara 19.