Baba hasemi, lakini kasida anaitikia

Baba yetu alipatwa na kiharusi, tuko Langoni, Lamu. Hata maji hawezi kuomba, lakini kasida ikianza anaitikia neno kwa neno. Je, anafanya makusudi?

La, hasha. Wala si pepo. Huo ni ugonjwa uitwao afasia, na humpata takriban mtu mmoja katika kila watatu waliopigwa na kiharusi. Atakalo analijua, kilichoumia ni sehemu ya ubongo inayopanga maneno, aghalabu upande wa kushoto. Kuimba hushirikisha na upande wa kulia, na maneno aliyoyazoea tangu utotoni huja yakifuata mahadhi. Mwaka 1745 Olof Dalin wa Uswidi aliandika habari za mtu wa namna hiyohiyo: usemi umempotea, nyimbo za kanisani anaziimba.

Basi tumwimbishe tu mpaka aseme?

Haitoshi. Maneno ya kasida huweza kubakia mle mle ndani ya kasida. Chukueni sentensi anayoihitaji, mathalani "nataka maji". Iimbeni polepole kwa sauti mbili, ya juu na ya chini, huku mkimgonga mkono wa kushoto taratibu kwa kila silabi: na-ta-ka-ma-ji. Kwanza asikilize, kisha muimbe pamoja, halafu nyinyi mnyamaze amalize mwenyewe. Siku zikienda, mahadhi yapunguzwe mpaka yawe maneno ya kawaida. Njia hii ilianzia Boston, Marekani, mwaka 1973. Akipatikana mtaalamu wa tiba ya usemi, awaongoze.

Kuimba kwa kikundi kuna faida gani?

Hapa ndipo penye uzito kwangu. Mzee aliyekuwa haikosi baraza kila jioni huacha kutoka, kwa kuwa mazungumzo yanampita kabla hajalipata neno. Katika kuimba kwa pamoja hakuna anayemngojea. Sauti za wenzake humbeba. Huko Finland wagonjwa 54 walishiriki utafiti uliochapishwa 2023. Walioimba kikundini kwa miezi minne waliwasiliana vizuri zaidi, na jamaa wanaowauguza wakapunguziwa mzigo. Vivyo hivyo bibi aliyepooza: vugo likipigwa arusini, msimfiche chumbani. Mketisheni kati ya wenzake.

Na asiyependa kuimba?

Asilazimishwe.

Anapokwama tumsaidieje?

Mpeni muda. Msimmalizie neno upesi, wala msimsemeshe kama mtoto. Ulizeni swali ambalo atalijibu kwa kutikisa kichwa. Lakini usemi ukizidi kuharibika ghafla, uso ukaenda upande au mkono ukalegea, huenda ni kiharusi kingine: hospitali saa ileile, na kama mko kisiwani Pate, chombo kitafutwe hata ikiwa ni usiku.