Dhana potofu katika nyaraka (maelezo ya matumizi) za programu zinazoshughulikia tarehe na saa

Dhana: Kosa la nyaraka ni dogo kuliko kosa la msimbo.
Ukweli: Kosa la msimbo husahihishwa mahali pamoja, lakini sentensi isiyo sahihi katika nyaraka za maktaba ya programu (mkusanyo wa msimbo ulio tayari kutumiwa na wengine) hunakiliwa na kila anayeisoma, na hubaki katika programu zake hata baada ya nyaraka zenyewe kurekebishwa.

Dhana: Kuongeza siku moja ni sawa na kuongeza saa 24.
Ukweli: Mahali ambapo saa husogezwa kwa msimu, siku ya badiliko huwa na saa 23 au 25, na katika kisiwa cha Lord Howe, Australia, tofauti ni dakika 30 tu. Samoa iliiruka kabisa tarehe 30 Desemba 2011. Kwa hiyo nyaraka zieleze wazi kama kitendakazi (kipande cha msimbo kinachofanya kazi fulani) huongeza siku ya kalenda au muda wa sekunde 86,400.

Dhana: Tofauti kati ya saa ya mahali na UTC (saa ya marejeo ya dunia), kama vile +02:00, ndiyo kanda ya saa.
Ukweli: Tofauti hiyo ni ya wakati mmoja tu, ilhali kanda hubeba kanuni zinazobadilika kwa uamuzi wa serikali. Oktoba 2022 Jordan iliamua kubaki na saa za kiangazi mwaka mzima. Aliyekuwa amehifadhi mikutano ya majira ya baridi iliyofuata kwa UTC pekee aliikuta imesogea saa nzima. Ndiyo maana ushauri wa “hifadhi kila kitu kwa UTC”, ambao unafaa sana kwa matukio yaliyokwisha kutokea, haupaswi kuandikwa bila masharti: tukio lijalo lihifadhiwe kwa saa ya mahali pamoja na jina la kanda, kwa mfano Asia/Amman, kanda ya Jordan.

Dhana: Jina la kitendakazi linajieleza.
Ukweli: Katika lugha ya programu ya Python, kitendakazi utcnow hurudisha saa ya UTC isiyo na alama ya kanda, na hatua inayofuata inaweza kuichukulia kuwa saa ya mahali; toleo la 3.12 la Python lilitangaza kwamba haifai tena kutumiwa. Katika JavaScript, lugha nyingine ya programu, "2024-03-10" husomwa kwa UTC, lakini "2024-03-10T00:00" husomwa kwa saa ya mahali. Hakuna msomaji awezaye kulibashiri hilo.

Dhana: Mfano wowote unatosha.
Ukweli: 03/04/2025 haioneshi kipi ni siku na kipi ni mwezi. Afadhali 2025-01-31, kisha yaoneshwe matokeo ya kuiongezea mwezi mmoja, kwa kuwa Februari haina tarehe 31.